Mtaro Mbele ya Mlango Wako: Tiyo Hii ni ya Nani?

Ndugu wafanyakazi wa migodi, na ninyi nyote wakaaji wa miji yetu,

Leo tunataka kusema juu ya mtaro. Si mtaro wa mgodi; huo mnaujua kutupita sisi wenye kushika kalamu. Tunasema juu ya mtaro wa balabala, ule unaochimbwa mbele ya mlango wako asubuhi moja bila mtu kukupa habari, na jioni ukitoka kazini huoni tena njia ya kuingia nyumbani kwako.

Mtaro wa namna hiyo unachimbwa pahali pengi duniani. Kwetu unachimbwa kwa ajili ya maji na kwa ajili ya waya. Kule Ulaya, siku hizi, unachimbwa sana kwa ajili ya kitu ambacho wengi wetu hatujakiona: tiyo za maji ya moto, za kupasha nyumba joto wakati wa baridi. Wengine watauliza: Baridi ya Ulaya inatuhusu nini sisi watu wa Katanga? Tunajibu kwamba inatuhusu kwa sababu tatu. Ya kwanza, mmoja wa miji inayofanya kazi hiyo ni mji wa migodi kama miji yetu, na migodi yake imekwisha kufa. Ya pili, shaba imo ndani ya kazi hiyo. Ya tatu, na hii ndiyo kubwa, mtaro wa kule na mtaro wa kwetu vinauliza ulizo moja tu: Nani anakula vumbi, na nani anapata faida?

MBABULA MOJA KWA MJI MZIMA

Mwezi wa sita na mwezi wa saba, usiku wa Lubumbashi unakuwa baridi kweli. Kila mama anawasha mbabula yake, kila baba ananunua makala yake. Na kila mwaka tunasikia habari ya watu waliolala na mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa, wasiamke tena. Huo ndio moto wa kila mtu peke yake: unakula feza, unakula miti, na mara nyingine unakula watu.

Ulaya nako zamani kila nyumba ilikuwa na moto wake, wa makaa ya mawe au wa mafuta. Halafu watu walifikiri hivi: Badala ya kuwasha mbabula elfu moja katika nyumba elfu moja, kwa nini tusiwashe moja kubwa nje ya nyumba zetu, na joto lake tuligawe kwa tiyo kama maji ya kunywa? Basi wakafanya. Katika Frederiksberg, karibu na Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, walianza mwaka 1903 kwa kuchoma takataka za mji na kupeleka joto lake katika nyumba. Leo, katika inchi ya Denmark, karibu nyumba 2 kati ya 3 zinapata joto kwa njia hiyo, na katika Copenhagen yenyewe ni karibu nyumba zote.

Kazi yenyewe si ya uchawi. Kuna kiwanda ambacho kinachoma takataka au kuni, au kinachukua joto linalobaki wakati wa kutengeneza umeme. Joto hilo linaingia katika maji, na maji yanasukumwa katika tiyo chini ya balabala, yakiwa na moto wa digri 70 mpaka 90. Yakifika kwenye nyumba yanapita katika chombo cha sahani nyembamba za chuma zilizounganishwa kwa shaba. Joto linapita upande wa pili, maji hayapiti. Kisha maji yaliyopoa yanarudi kiwandani kwa tiyo nyingine, yapashwe moto tena. Kwa hiyo tiyo ni mbili siku zote, moja ya kwenda na moja ya kurudi.

Na hapo ndipo taabu ya balabala inapoanza.

KWA NINI MTARO UNAKAA WAZI SIKU NYINGI

Waya wa simu unaweza kufukiwa siku moja. Tiyo ya maji ya moto, hapana. Ndani kuna chuma, juu ya chuma kuna povu gumu la kuzuia joto lisipotee, na nje kuna ngozi ya plastiki. Kwa sababu hiyo tiyo inakuwa nene kupita ile ya maji ya kunywa, na zikilala mbili kwa pamoja zinataka mtaro mpana. Mara nyingi tiyo moja ina urefu wa mita 12. Kila zinapokutana, mtu wa kusoderi anashuka ndani ya mtaro na kuziunga, mmoja mmoja, mwisho na mwisho. Kiungo kinapimwa. Kikiwa kibaya kinakatwa na kufanywa upya. Kikiwa kizuri kinafunikwa kwa povu na plastiki, maana maji ya udongo yakiingia humo, chuma kitaoza.

Ninyi wafanyakazi wa shaba, sikieni jambo hili. Ndani ya lile povu, kandokando ya chuma, mafundi wanapitisha nyuzi mbili za shaba. Maji yakivuja pahali popote, nyuzi zile zinatoa habari mpaka kwenye biro, na fundi anajua ni mita gani achimbe, asivunje balabala nzima kwa kutafuta. Ndiyo kusema shaba inalala chini ya njia za watu, inalinda joto la watoto wao. Mtu aliyetoa jiwe lile chini ya udongo anayo haki ya kuuliza namna gani linatumiwa.

Basi kazi hii inataka wakati. Anayesema kwamba inaweza kufanywa bila kusumbua mtu anadanganya. Balabala itafungwa. Gari hazitapita. Mama mwenye duka atapoteza wanunuzi. Mzee atashindwa kutembea. Hayo ni kweli kila pahali, na mtu wa haki asiyafiche.

NILIYOYAONA KULE

Mimi mwenye kuandika maneno haya nilikaa majira moja ya baridi katika mji mdogo wa Denmark, kwa ndugu yangu anayefanya kazi huko. Katika balabala yake walikuwa wanachimba mtaro wa tiyo hizo. Tangu mwaka 2022, wakati vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya gesi, miji mingi ya inchi ile ilitaka kuacha gesi na kuingia katika joto la tiyo. Ndiyo maana mitaro ilikuwa mingi.

Nilifikiri nitaona watu wa amani, maana sisi hapa tunaambiwa kwamba wazungu wanapenda maendeleo na hawanunguniki. Ndugu, nilicheka. Walinungunika asubuhi mpaka jioni! Barua ya kampani ilisema wiki sita, na kazi ilikwenda wiki kumi na moja. Muuza mikate wa pembeni aliandika kwenye kioo cha duka lake kwamba yuko wazi, maana watu waliona mtaro wakafikiri amefunga. Bibi mmoja jirani aliugua, na gari la kumchukua lilisimama mbali. Wanaume wawili wakambeba kwenye kiti kupitia juu ya ubao. Siku ile nilijua kwamba mtu akichimbiwa mlango wake, rangi ya ngozi haigeuzi hasira yake.

Lakini niliona mambo mengine vilevile. Kabla ya kuchimba, kila nyumba ilipata barua miezi mitatu mbele, na ramani ndani yake. Mbele ya kila mlango palikuwa na daraja la ubao lenye mkono wa kushika. Usiku taa zilikuwa zinawaka penye shimo. Walichimba kipande, wakafukia kipande, hawakufungua balabala yote kwa siku moja. Na wiki zilipopita sita, watu waliitana katika shule, wakamwita mkubwa wa kazi aje ajibu. Akaja. Alisimama mbele yao, akaulizwa na muuza mikate, akaulizwa na mtoto wa yule bibi, naye akajibu, uso wake mwekundu.

Nikamwuliza ndugu yangu: Kwa nini mkubwa huyu anakuja kuhukumiwa na wanawake wa soko? Akanijibu: Kwa sababu kampani hii ni ya watu wenyewe. Wenye kununua joto ndio wanaochagua wakubwa wake.

Tangu siku ile nimelifikiri neno hilo.

SHERIA YA MWAKA 1979

Tuwaeleze kidogo. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda ghafula duniani. Denmark ilikuwa inategemea mafuta ya inchi nyingine kwa karibu kila kitu. Zaidi ya sehemu 90 katika mia za nguvu yake zilitoka katika mafuta hayo. Siku za Jumapili serikali ilikataza watu kuendesha gari. Nyumba zilikuwa baridi. Ndipo watu wa inchi ile walipoona kwamba asiye na moto wake mwenyewe ni mtumwa wa mwenye kuuza moto.

Mwaka 1979 waliweka sheria juu ya kupasha nyumba joto. Komini zilipewa kazi ya kupanga: pahali gani tiyo zipite, pahali gani zisipite. Na neno moja lilishikwa kwa nguvu: kampani ya joto haiuzi kwa kutafuta faida. Inadai bei ya gharama ya kazi tu. Kampani nyingi za joto kule ni za komini au za wakaaji wenyewe kwa umoja wao.

Msifikiri kwamba mambo yote kule ni matamu. Pahali pengine watu waliahidiwa tiyo, halafu wakaambiwa haitakuja kwa sababu nyumba zao ziko mbalimbali na gharama ni kubwa. Pahali pengine bei ilipanda. Wanagombana na wanaandika barua za ukali. Lakini wanagombana juu ya kitu chao. Mtaro unaowasumbua leo, kesho unaleta joto ndani ya nyumba ileile iliyosumbuliwa. Ndiyo sababu wanavumilia wiki kumi na moja.

MJI WA HEERLEN, AMBAPO MGODI ULIRUDI

Sasa tuwapeleke Uholanzi, katika mji wa Heerlen, maana mji huo ni ndugu wa Kolwezi na wa Kipushi. Heerlen ulijengwa na makaa ya mawe. Makumi ya maelfu ya wanaume wa sehemu ile walishuka chini ya udongo. Tarehe 17 mwezi wa 12 mwaka 1965, waziri Joop den Uyl alikuja katika mji huo, akawaambia watu katika jumba la michezo kwamba migodi itafungwa. Makaa ya mwisho yalitoka mwisho wa mwaka 1974. Mashimo yakafungwa, maji yakapanda, yakajaza njia zote ambazo wachimbaji walikuwa wamezikata kwa mikono yao.

Watu wa Kipushi wanajua maneno haya. Mgodi wao ulisimamishwa mwaka 1993, na mwaka 2011 maji yalipanda yakafunika sehemu kubwa ya chini. Ilibidi yapigwe pampu kwa miaka mingi kabla ya kazi kuanza tena mwaka 2024. Kwetu, maji ya mgodi ni adui.

Lakini watu wa Heerlen waliyaangalia maji yale kwa jicho jingine. Chini sana, kwenye mita karibu 700, udongo ni moto, na maji yanakuwa na digri karibu 28. Komini ya Heerlen ilitoboa visima mpaka katika mashimo ya zamani. Mwaka 2008 joto la maji yale lilianza kupanda katika tiyo na kuingia katika nyumba za watu na biro zao. Mashine inaliongeza nguvu kidogo, inatosha. Wakati wa jua kali, maji ya shimo la juu, yaliyo baridi, yanapoza nyumba zilezile.

Ili kufanya hivyo ilibidi balabala zichimbwe. Fikirini, ndugu. Mzee mmoja aliyefukuzwa mgodini akiwa kijana, sasa ana mvi, anafungua dirisha na kuona wachimbaji mbele ya mlango wake. Vumbi, kelele, njia imefungwa. Lakini safari hii wanachimba ili ule mgodi aliouacha umrudishie kitu. Ilipita zaidi ya miaka 30 tangu makaa ya mwisho. Ilikuja kwa kuchelewa, lakini ilikuja, na ilikuja kwa sababu komini yenyewe ilisema: Kilicho chini ya miguu yetu ni chetu hata wakati kampani imekwenda.

SASA TURUDI KWETU

Katika komini moja ya Lubumbashi, ambako nimekaa miaka mingi, walikuja kuchimba mtaro wa tiyo za maji. Hawakutuandikia. Hawakumwita hata mkubwa wa avenyu. Tuliamka tukakuta majembe. Mtaro ulipita mbele ya malupango yetu yote, na udongo ukamwagwa penye milango. Wakachimba yote kwa mara moja, halafu tiyo zikakosekana, wakaenda zao. Mvua ikaanza.

Miezi miwili mtaro ule ulikaa wazi, umejaa maji na mbu. Mama mmoja aliyekuwa anauza mikate na mafuta ya chupa penye mlango wake alifunga biashara. Nani ataruka shimo kwa chupa ya mafuta? Watoto wake wakarudishwa kutoka shule kwa kukosa feza. Na usiku mmoja, mzee wetu aliyefanya kazi ya mgodi miaka 31 bila kuvunja hata kidole, alitumbukia katika mtaro ule kwa giza, akavunja mguu. Chini ya udongo alipona, mbele ya lupango lake akaumia. Hakuna mtu aliyekuja kumwomba radhi.

Mwisho tiyo zilifika, mtaro ukafukiwa kwa udongo mlaini, mvua iliyofuata ikautoboa tena. Nasi tukangoja maji. Ndugu, maji hayakuja kwetu. Tiyo ilikuwa inapita tu. Ilikuwa inakwenda katika mtaa mwingine, penye nyumba mpya za wenye uwezo. Sisi tulipewa vumbi, matope na mguu uliovunjika. Mpaka leo akina mama wa avenyu ile wanabeba ndoo vichwani, wanapita juu ya tiyo iliyojaa maji ya watu wengine.

Je, hili ni jambo jipya katika inchi yetu? Hapana. Tangu mwaka 1982 waya wa umeme unatoka Inga mpaka Kolwezi, safari ya kilometa karibu 1,700. Unapita juu ya mashamba na vijiji vya inchi nzima, unapeleka nguvu katika migodi. Vijiji vilivyo chini ya waya ule vililala gizani. Mtoto alikua, akaoa, akazaa, akiutazama waya ule juu ya kichwa chake, na ndani ya nyumba yake kuna koroboi. Wenye elimu watasema kwamba umeme wa namna ile hauwezi kukatwa njiani kwa urahisi. Ni kweli. Lakini waliochagua namna ile walijua hivyo wakati walipoichagua.

WAPINZANI WA AINA MBILI

Juu ya mitaro kuna watu wa aina mbili wanaosema vibaya.

Wa kwanza wanasema: Nyamazeni, hii ni maendeleo. Mtu akinunguniaka juu ya shimo penye mlango wake, wanamwita mjinga na adui wa inchi. Tunawajibu: Muuza mikate wa Denmark alinungunika, na inchi yake haikufa. Mwenye kuuliza si adui. Adui ni yule anayechimba na kukimbia.

Wa pili wanasema: Wasichimbe tena, tumechoka na mashimo yao. Hao nao ni ndugu zetu, na hasira yao tunaijua, lakini hawasemi kweli. Tusipochimba, watoto wetu wataendelea kunywa maji ya kisima kilicho karibu na choo. Maji hayaruki hewani. Tiyo haiingii nyumbani bila kupasua njia. Sisi watu wa migodi tunajua kuliko wote kwamba hakuna kitu cha maana kinachotoka katika udongo bila mtu kuchafuka. Hatukatai kuchafuka. Tunakataa kuchafuka kwa ajili ya bure.

Na tuseme neno moja juu ya vijana wanaoshika jembe ndani ya mtaro. Watu wanawatukana wakipita. Msifanye hivyo. Si wao waliosahau kuandika barua, si wao waliokosa kununua tiyo. Ni wafanyakazi wa siku kama ninyi, na mara nyingi wanashuka katika mtaro mrefu usio na mbao za kuzuia udongo. Ninyi mnajua maana ya udongo kuanguka. Ukiona mtaro wa namna hiyo, mwite kapita wao, mwambie kwamba hapa pataua mtu.

TUNATAKA NINI

Basi, siku watakapokuja tena na majembe, iwe kwa maji, iwe kwa waya, iwe kwa kitu kingine chochote, wakaaji wa kila avenyu waitane na kutaka mambo haya:

Ya kwanza, habari kabla ya jembe. Barua au mkutano, kwa lugha tunayoisikia, ikisema siku ya kuanza, siku ya kumaliza, na jina la mkubwa ambaye tutamwuliza.

Ya pili, tiyo zifike kwanza, ndipo mtaro uchimbwe. Na uchimbwe kipande kwa kipande. Kipande cha leo kifukiwe kabla ya kufungua kingine. Mvua zikianza, pasiwe na shimo wazi.

Ya tatu, ubao wenye mkono mbele ya kila mlango, na taa usiku. Ubao ni bei rahisi kuliko mguu wa mtu.

Ya nne, mwenye meza ya biashara aliyefungiwa njia apewe kitu kwa siku alizopoteza. Wenye duka kubwa wanajua kudai. Mama wa mikate hajui, kwa hiyo tudai pamoja naye.

Ya tano, udongo urudishwe na kushindiliwa, na balabala iachwe kama ilivyokuwa au vizuri zaidi. Mkubwa wa kazi arudi baada ya mvua ya kwanza aangalie kwa macho yake.

Ya sita, na hii ndiyo mama wa zote: kila lupango linalopitiwa na tiyo lipate robine. Kama hawawezi kuingiza maji katika kila nyumba mwaka huo, basi waweke robine ya watu wote penye pembe ya avenyu, siku ileile maji yanapofunguliwa kwa wengine. Asiyeweza kuahidi hilo asilete jembe lake kwetu.

Mtasema: Nani atatusikiliza? Leta iko mbali, komini haina feza, kampani zina milango mirefu. Ndugu, yule mkubwa wa Denmark hakuja shuleni kwa sababu alikuwa na roho nzuri. Alikuja kwa sababu watu wa balabala moja walikuwa wamejiandika, wakajua majina yao, wakamwita kwa pamoja. Sisi tuliochimbiwa kule Lubumbashi tulikuwa malupango zaidi ya arobaini. Kila mtu alilia katika lupango lake, na hakuna barua hata moja iliyotoka kwetu. Hilo ni kosa letu, na mimi mwenyewe nimo.

Mguu wa yule mzee umepona kwa kupinda. Anatembea kwa fimbo mpaka kisimani. Nilipomwambia habari za Heerlen, kwamba mgodi uliofungwa unapasha nyumba za wachimbaji wa zamani, alikaa kimya, halafu akaniuliza: "Na walipochimba njia, waliwaambia kwanza?"

Anzeni na hilo. Jumapili hii, baada ya misa au baada ya mpira, watu wa kila avenyu wakae pamoja nusu saa, waandike majina ya malupango yao kwenye karatasi moja, wachague wawili wa kuishika. Siku majembe yatakapokuja, karatasi iwe imekwisha kuwa tayari.